Je, Wajua? Pistoni ya mbio hugonga asubuhi

Pistoni ya kufuliwa, ile inayosifiwa na madereva wa mbio, mara nyingi hutanuka zaidi kwa joto kuliko ya kumiminwa itokayo kiwandani, kwa kuwa aloi yake ina silikoni kidogo. Hivyo fundi huiachia nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Injini ikiwa baridi, inagonga na kula oili. Kwa gari la Vudee, linaloamka kwenye baridi ya Milima ya Upare na kuanza kuteremka Same, injini inachelewa kupata moto. Hapo spea ya kiwandani inatosha, tena inazidi!

Na mlima? Kila mita 1,000 za kupanda huondoa takriban asilimia 10 ya nguvu ya injini isiyo na turbo, uweke vyuma vyovyote. Na konrodi, mkono unaoshika pistoni? Adui wake ni mizunguko ya injini: ikiongezeka kwa asilimia 10, mvutano juu yake hupanda kwa asilimia 21. Hata hivyo Subaru Impreza za Kundi N, daraja la magari ya mbio yanayokaribia ya kawaida, zilizotamba kwenye rali zetu, kanuni ziliwabana mafundi wake kubaki na pistoni na konrodi za kiwandani.