Kiambishi Kilichomsingizia Marehemu

Mswada wa tawasifu yangu umekaa miaka mitatu mezani, chini ya karatasi za mitihani na madaftari ya watoto. Nao udhuru wa kazi haunifai, walimu wenzangu: Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, na Maisha Yangu akayaandika.

Juzi nilimsomea mama sura ya pili: “Baba alikuwa akinichapa.” Akaacha kuchambua maharagwe.

“Mara ngapi, mwanangu?”

Mara moja tu. Mimi, nifundishaye njeo na hali darasani, nilikuwa nimemfanya marehemu mkatili kwa kiambishi kimoja, -ki-, ambacho sikioni langu kilipendeza. Nimekifuta, sasa ni “alinichapa”. Zimesalia sura tisa, na mama bado hajazisikia.