Sitara na Ufutaji: Historia Zilizofichwa za Wanawake katika Masimulizi ya Kiswahili



Utangulizi

Katika masimulizi mengi ya Kiswahili, ya kubuni na ya kweli, hutokea mwanamke ambaye wasikilizaji wanamjua kwa jina lakini hawajui alikotoka. Ataitwa mama wa fulani, bibi wa fulani au somo wa fulani. Nyuma ya hapo pana ukimya. Mhadhara huu unauchunguza ukimya huo. Ninakusudia kueleza jinsi ulivyojengeka, nani alinufaika nao, na namna watunzi na wasimulizi walivyojaribu kuuvunja.

Hoja yangu ya msingi ni kwamba yapo mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa juujuu hufanana, nayo hayana budi kutenganishwa. La kwanza ni sitara, yaani siri ambayo mwanamke mwenyewe ameichagua ili kulinda heshima yake na ya wanawe. La pili ni ufutaji, yaani siri ambayo wengine wamemwekea ili kulinda maslahi yao. Mhakiki asiyeyatenganisha mawili haya ama atawaaibisha wanawake hadharani kwa jina la utafiti, ama ataendelea kuwanyamazisha kwa jina la adabu.

Nasaba na nafasi ya mama

Tuanze na utaratibu wenyewe wa kutaja mtu. Katika jamii za Waswahili wa pwani, kama ilivyo katika jamii nyingi za Kiislamu, mtoto hutajwa kwa baba yake, na baba kwa babu. Mnyororo huu wa majina ya kiume waweza kupanda vizazi saba au kumi bila kumtaja mwanamke hata mmoja. Haina maana kwamba mama hakuthaminiwa. Ina maana kwamba asili yake haikuwa na mahali pa kuandikwa. Mwanamke aliyeletwa kutoka bara, Uhabeshi au Cherkesia aliweza kuzaa mtoto mwenye jina tukufu, na kabla kizazi kimoja hakijapita asili yake ikawa haijulikani.

Mfano ulio wazi ni nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka wa 1856. Watoto walioishi baada yake walikuwa wamezaliwa na masuria. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyetambuliwa na baba yake ni mtoto huru, na hurithi sawasawa na mtoto wa mke wa ndoa. Naye suria aliyemzalia bwana wake hakuweza kuuzwa tena, na bwana alipokufa alikuwa huru. Kwa hiyo kisheria mtoto hakuwa na doa. Lakini jamii ilikuwa na mizani yake. Suala la kufu katika ndoa, yaani usawa wa nasaba baina ya mume na mke, lilizifanya familia zichungue bibi alikuwa nani. Hapo ndipo ulipozaliwa ulazima wa kuficha. Mtoto alinufaika na jina la baba kwa sharti kwamba historia ya mama isizungumzwe.

Sheria iliyochelewa

Ukimya huu ulipata nguvu zaidi kutokana na namna utumwa ulivyofutwa. Mwaka wa 1897, chini ya himaya ya Uingereza, ilitolewa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Uhuru haukuja wenyewe. Mtumwa alipaswa kwenda kuudai mbele ya wenye mamlaka, na bwana aliweza kulipwa fidia. Masuria hawakuingizwa katika utaratibu huo. Walihesabiwa kana kwamba ni wake, na aliyetaka kuondoka alipaswa kuthibitisha kwamba ametendewa ukatili. Walisubiri hadi mwaka wa 1909 ndipo amri mpya ilipowagusa nao. Hata hapo, mwanamke aliyeondoka alikabiliwa na hatari ya kutengwa na wanawe.

Jambo hili lina athari mbili kwa mtafiti wa leo. Kwanza, kila aliyefika kudai uhuru aliacha alama ya maandishi: jina, umri wa kukisia, mahali alipotoka. Ambaye hakuruhusiwa kudai hakuacha kitu. Pengo tunalolikuta katika nyaraka si ajali, bali ni matokeo ya sheria. Pili, uamuzi wa wanawake wengi wa kubaki na kunyamaza hauwezi kusomwa kuwa ni ridhaa. Kwa baadhi yao ulikuwa ndiyo bei ya kukaa na watoto.

Kumbukumbu ya mama katika kalamu ya binti

Binti mmoja wa Sayyid Said alivunja ukimya huo kwa maandishi. Salme, aliyezaliwa mwaka wa 1844 katika kasri la Mtoni, aliondoka Unguja mwaka wa 1866, akabatizwa huko Aden kwa jina la Emily, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete na kuhamia Hamburg. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1886. Wasomaji wengi wamekitazama kitabu hicho kama habari za maisha ya kasri. Mimi ningependa tukitazame kwa sababu ya habari chache alizotoa kuhusu mama yake, Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto, akatenganishwa na ndugu zake.

Salme hakujua mama yake alifika Unguja akiwa na umri gani. Alilolijua ni kwamba jino lake la kwanza la utoto lilimtoka akiwa ndani ya nyumba ya Sultani, na kwa hilo akakadiria kwamba alikuwa na miaka 7 au 8. Hakuna cheti wala hati ya mauzo. Kilichohifadhi tarehe ni mwili wa mtoto. Namna hii ya kupima wakati, kwa jino, kwa mavuno au kwa ugonjwa uliopita, ndiyo njia ambayo historia za wanawake wengi zilitufikia. Mtafiti anayedai mwaka na mwezi kabla hajaamini ataikosa historia nzima.

Lakini hata hapa pana tahadhari. Jilfidan hakuandika mwenyewe. Tunamsikia kupitia kwa binti aliyekuwa ughaibuni, akiandika kwa lugha ya kigeni kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya. Hali ni ngumu zaidi kwa Swema, msichana wa Kiyao aliyefikishwa Unguja katika biashara ya watumwa, ambaye kisa chake kiliandikwa na wamisionari Wakatoliki kwa Kifaransa katika miaka ya 1860. Wamisionari walikuwa na haja yao: kuonyesha ubaya wa utumwa na wema wa misheni. Kisa cha mwanamke kinapohifadhiwa na mtu mwenye haja yake, tunapaswa kuuliza ni lipi limeachwa nje.

Kutoka Mtumwa hadi Siti

Mwaka wa 1958 ulichapishwa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Mwanamke anayesimuliwa humo alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka wa 1880, kwa baba wa asili ya Kinyamwezi na mama wa asili ya Kizigua. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alifanya kazi ya kuuza vyungu, akahamia mjini mwaka wa 1911, akajifunza kuimba, na mwaka wa 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo katika sahani za santuri. Alifariki mwaka wa 1950. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata kwa kazi ya sauti yake.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni kwamba badiliko la jina halikuwa uongo. Katika miaka iliyofuata kufutwa kwa utumwa, wanawake wengi wa Unguja walijitengeneza upya kwa njia zilizoonekana kwa macho. Waliacha kaniki na merikani, mavazi yaliyowatambulisha kuwa wajakazi, wakavaa kanga za rangi, na baadaye buibui, vazi ambalo hapo awali lilihusishwa na wanawake wa tabaka la juu. Walikuwa wakisema kwa mavazi kwamba hadhi yao imebadilika. Hii ni sitara kwa maana yake kamili: mwanamke anachagua lipi lionekane na lipi lisitirike.

La pili ni kwamba Siti, kwa umashuhuri wake wote, hakujificha kabisa. Aliendelea kujulikana kwa jina la baba yake, Saad, na asili yake ya shamba ilijulikana hata ikatumiwa kumkejeli. Shaaban Robert aliichukua kejeli hiyo akaigeuza kuwa funzo kwamba utu haupimwi kwa nasaba. Mchango wake ni mkubwa. Hata hivyo, wasifu ulioandikwa ili kufundisha adabu huelekea kuchagua yale yanayofaa funzo. Siti wa kitabuni ni mfano wa kuigwa. Siti aliyeimba juu ya mahakama, dhuluma na mambo ya mtaani ni mpana zaidi kuliko mfano huo.

Siri katika riwaya

Riwaya ya Kiswahili imelichukua suala hili kwa njia tatu tofauti, nami nitatoa mfano mmoja kwa kila njia.

Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka wa 1976, Rehema ni binti wa mwenye mashamba anayetengwa na baba yake mwenyewe. Anakimbia, anapitia mateso ya mjini, kisha anaanza maisha mapya na mkulima maskini, Sulubu. Swali la yeye ni nani halibaki kuwa la moyoni tu; linakuwa swali la ardhi. Mwandishi anatuonyesha kwamba kumnyima mtu nasaba ni njia ya kumnyima mirathi. Huu ndio ufutaji katika sura yake ya kiuchumi.

Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka wa 1971, Rosa analelewa chini ya ukali wa baba, kisha anapotoka nje ya ulinzi huo anaishi maisha ambayo baadaye yanamwandama. Anapotafuta mapenzi ya kweli, maisha yake ya nyuma ndiyo yanayohukumiwa, naye anaishia kujiua. Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku kwa madai ya kukiuka maadili. Ajabu ni kwamba wanaume walioshiriki katika maisha hayo ya nyuma hawadaiwi maelezo. Siri ni ya wawili, lakini aibu ni ya mmoja.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka wa 1980, inafuata njia nyingine. Maimuna, aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, anatoroka na kuangukia maisha ya dhiki mjini. Tofauti na Rosa, yeye hatimaye anapata mtu wa kuishi naye ambaye anajua alikotoka. Hapo mwandishi anapendekeza jambo ambalo riwaya ya Kezilahabi ililinyima jamii yake: kwamba utambulisho haupatikani kwa kuifuta historia, bali kwa kumpata wa kuipokea.

Sauti zilizorekodiwa Mombasa

Waandishi hao watatu ni wanaume. Kwa hiyo hatuna budi kuwasikiliza wanawake wanaposimulia wenyewe. Katika miaka ya 1970 Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwahoji wanawake wa Mombasa kwa Kiswahili. Masimulizi ya watatu kati yao, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy, yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1989 na kwa Kiswahili mwaka wa 1991. Bi Kaje alitoka katika familia iliyomiliki watumwa. Bi Mishi alitoka katika kizazi cha watumwa. Kuwekwa kwao katika jalada moja kunatuonyesha mji mmoja kutoka pande mbili za mlango uleule.

Masimulizi haya yanatufundisha kwamba wanawake hawakusahau. Walihifadhi habari za asili katika ngoma za lelemama, katika mafunzo ya makungwi na somo, na katika mazungumzo ya uani. Yaliyokosekana yalikuwa wasikilizaji wenye kalamu.

Hitimisho

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Usemi huu hautuamuru kutangaza kila siri. Unatukumbusha kwamba pana wakati ambapo kufichua ni sharti la uhai, na kwamba mbele ya mkunga mtu hujifunua kwa hiari kwa sababu anamwamini. Mtafiti wa historia za wanawake anapaswa kustahili imani ya namna hiyo.

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu zirekodi masimulizi ya wanawake wazee kwa lahaja zao wenyewe, kwa ridhaa yao, na ziwaachie uamuzi wa lipi lichapishwe sasa na lipi lisubiri. Pili, tunapofundisha riwaya nilizozitaja, tusiishie kumhukumu mhusika mwanamke kwa maadili. Tuulize nani alifaidika na siri yake. Tatu, tunapokusanya nasaba za koo, tuandike pia majina ya akina mama, hata pale ambapo tunachokijua ni jina moja tu na jino lililong'oka.