Saa za King'ora: Kambove na Haya ya Kupumzika

Kabla kampuni hazijafika, shaba ya Katanga, nchini Kongo, ilikuwa na majira yake. Mtama ulipokwisha kuvunwa na kiangazi kikakaza, mafundi waliondoka vijijini wakapiga kambi karibu na vilima vyenye mawe ya kijani. Walichoma mkaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi, na shaba ilipoyeyuka wakaimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali: ilitolewa mahari, ikabebwa na wachuuzi hadi nchi za mbali. Mafundi wenyewe walijulikana kama wala shaba. Kazi yao ilikuwa nzito, moto na moshi kutwa nzima. Lakini mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya, tanuru zilizimwa na watu wakarudi kulima. Hakuna aliyeona aibu kwa kutoyeyusha shaba mwezi wa Desemba.

Leo aibu hiyo ipo. Kambove, mji wa migodi jirani na Likasi, mtu mzima akikutwa ameketi kivulini saa nne asubuhi hujieleza kabla ya kuulizwa: anamsubiri mtu, mguu unamuuma, ametoka kazi ya usiku. Haya hii ya kuonekana bila shughuli inafanana na tabia ya kuzaliwa nayo. Kumbe ina historia, na Katanga ni mahali pazuri pa kuifuatilia, kwa sababu hapa iliingia katika muda wa miaka ambayo inaweza kuhesabika.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli ikafika Kambove mwaka 1913. Mwanzoni vibarua walikuja kwa mikataba mifupi na wengi walikufa kwa maradhi. Kuanzia 1928 kampuni ikabadili mwendo: mikataba ya miaka mitatu, mke na watoto kukaribishwa kambini, zahanati, shule, na posho ya unga, nyama, samaki na mafuta. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyesimamia siasa hiyo. Alitaka mfanyakazi anayetulia, mwenye afya, ambaye hata mwanawe atakuwa mfanyakazi. King'ora kiliamsha kambi nzima, wanaokwenda mgodini na wasiokwenda. Mkuu wa kambi alijua nani hakutoka nyumbani siku hiyo na kwa nini.

Watu wakazoea kusema kwamba kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Msemo huo haukuwa wa mzaha. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipoandika mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi hao, kitabu chake alikiita kwa Kifaransa jina lenye maana ya watoto wa Shaba waliotupwa na baba yao. Naye mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeishi na wafanyakazi wa Katanga katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1973 makala ndefu juu ya neno moja tu la Kiswahili chao: kazi. Katika kikundi cha dini cha Jamaa, alionyesha, neno hilo lilikuwa limepanda kutoka mgodini hadi kwenye imani. Neno likifika huko, kukosa kazi si kukosa mshahara peke yake. Ni kama kukosa utu.

Halafu baba akaanguka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1994 haikufikisha hata 40,000. Mishahara ikakaa miezi mingi bila kulipwa. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Katanga walipewa fedha za kuagana na kampuni. Mpango uliitwa wa kuondoka kwa hiari. Waliokuwa na madeni ya miaka hawakuwa na hiari kubwa.

Wakapata muda. Na hapa sayansi ina jambo la kusema, kwa kuwa muda wa namna hiyo ulikwisha kupimwa kwingine. Kijiji cha Marienthal, nchini Austria, kilitegemea kiwanda kimoja cha nguo, na mwaka 1930 kiwanda kilikuwa kimefungwa. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuchunguza. Mmoja wa watafiti alikaa nyuma ya dirisha na saa mkononi akiwapima wapita njia: mwendo wao, na mara ngapi wanasimama. Wanaume, ambao hawakuwa na pa kuwahi, walitembea polepole kuliko wanawake na kusimama mara nyingi zaidi. Vitabu vya maktaba, ambavyo sasa kila mtu alikuwa na nafasi ya kuvisoma, viliazimwa kwa uchache kuliko zamani. Walipoombwa waandike walichofanya tangu asubuhi, wanaume wengi walikumbuka kuamka, kula na kulala, na katikati hawakuwa na la kuandika. Wanawake waliendelea kupika, kufua, kushona. Kwao siku ilikuwa bado na vipande.

Kwa hiyo anayemwambia mtu wa Kambove apunguze shughuli hajasema kitu bado. Siku tupu inadhoofisha. Mapumziko ni kitu kingine: yana mwanzo na mwisho, na anayepumzika anajua kesho yake ipo.

Baba alipoanguka, vijana wa Kambove waliingia mashimoni. Mchimbaji wa mikono anashuka na mtaimbo, sururu na tochi iliyofungwa kichwani, anapanda na gunia la mawe. Hakuna king'ora. Lakini analipwa kwa gunia, tena kwa bei anayoisikia mnunuzi akishapima, basi kila saa ya kukaa juani ni gunia ambalo halikujaa. King'ora kimehamia ndani yake.

Je, saa nyingi huleta mawe mengi? Jibu la zamani liko Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Katanga ikipeleka shaba Ulaya, viwanda vya silaha vya Uingereza viliwafanyisha watu kazi hadi saa 70 na zaidi kwa juma, na kamati ya afya iliyoundwa mwaka 1915 ikaweka hesabu ya kilichotengenezwa. Karne moja baadaye mchumi John Pencavel alizichambua hesabu hizo upya. Hadi karibu saa 49, saa zikiongezeka kazi nayo iliongezeka kwa kadiri ileile. Baada ya hapo kila saa ilizaa kidogo kuliko iliyotangulia, na aliyefanya kazi saa 70 alitoa karibu sawa na aliyefanya 56. Saa 14 zilikwenda bure. Hazikuwa bure kwa mwili, maana Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kazi ya saa 55 au zaidi kwa juma inaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35.

Hata kichwa kina hesabu yake. Marcus Raichle na wenzake walieleza mwaka 2001 kwamba sehemu fulani za ubongo huchangamka pale mtu asipokuwa na jukumu lolote. Edinburgh, Michaela Dewar na wenzake waliwasimulia wazee hadithi mbili. Baada ya moja walikaa kimya dakika 10 katika chumba chenye giza hafifu, baada ya nyingine walipewa mchezo wa picha. Siku saba baadaye, ile iliyofuatwa na ukimya ndiyo waliyoikumbuka zaidi. Mzee anayeketi kivulini Kambove ana haki ya kuacha kujieleza.

Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma na 9 kwa siku. Mchimbaji wa mikono hana mwajiri wa kumhesabia saa hizo. Ila bei ikitangazwa asubuhi, na mizani ikisoma sawa kwa muuzaji na mnunuzi, atajua kabla ya kushuka ni magunia mangapi yanatosha unga wa leo na karo ya mtoto. Anaweza kupanda saa nane, kunawa vumbi, na bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, vikamkuta nyumbani kungali mchana.