Kumeza vifaa vya kunyoosha meno: Hatari ipo wapi, mzazi afanye nini?

TUSEME kijana wa miaka 13 aliyefungwa waya za meno anakula chakula cha jioni nyumbani kwao Mjimwema, Kigamboni. Ghafla anahisi kitu kigumu kikiteleza kooni pamoja na tonge. Anapapasa meno kwa ulimi na kugundua kwamba kibanio kimoja cha chuma hakipo.

Mama anamwambia ameze tonge kubwa la ugali ili kukisukuma. Shangazi anataka atapishwe. Jirani anapendekeza dawa ya kuharisha. Wote wana nia njema, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyetoa ushauri salama.

Matibabu ya kunyoosha meno huchukua muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili au zaidi. Katika kipindi hicho chote mgonjwa hukaa na vipande vidogo mdomoni: vibanio vilivyogandishwa kwenye meno, pete za chuma zinazozunguka magego, na waya unaopita katikati yake. Wengine huvaa vifaa vya plastiki vya kuvua na kuvaa, au kifaa cha kupanua kaakaa ambacho huzungushwa kwa ufunguo mdogo nyumbani.

Kipande chochote kati ya hivyo kinaweza kuchomoka. Kliniki, mate huvifanya viteleze mkononi mwa daktari huku mgonjwa akiwa amelala chali. Nyumbani, chanzo cha kawaida ni vyakula vigumu kama miwa, mahindi ya kuchoma, mifupa na barafu, au kifaa kilichovunjika kikaendelea kuvaliwa.

Njia mbili, hatari mbili

Nyuma ya ulimi kuna njia mbili. Moja ni umio, unaopeleka chakula tumboni. Nyingine ni koo la hewa, linalokwenda kwenye mapafu. Uzito wa tukio hutegemea kipande kimepita njia ipi.

Kikipita njia ya chakula, habari kwa kawaida ni njema. Kati ya watu 10 waliomeza vitu visivyo chakula, wanane hadi tisa huvitoa kwa haja kubwa bila tiba yoyote, mara nyingi ndani ya wiki moja. Waliobaki huhitaji kutolewa kitu hicho kwa mpira mwembamba wenye kamera, na wanaofanyiwa upasuaji ni wachache sana.

Hata hivyo, kipande cha waya si sawa na sarafu. Ncha yake kali inaweza kuchoma umio au utumbo, na kitu chenye urefu unaozidi sentimita sita hupata shida kupita kwenye kona za mwanzo wa utumbo. Ndiyo maana tonge la ugali halifai, kwa sababu linaweza kukandamiza ncha hiyo ndani ya nyama. Kutapika nako hukirudisha kipande kooni, ambako kinaweza kuingia njia ya hewa.

Kikiingia njia ya hewa, hiyo ni dharura. Mgonjwa hukohoa kwa nguvu, hupumua kwa mlio au hushindwa kusema. Mara nyingi kipande huelekea pafu la kulia, kwa kuwa mrija wake ni mpana na umenyooka zaidi kuliko wa kushoto.

Jambo la kutahadharisha ni kwamba kikohozi kinaweza kutulia baada ya muda, familia ikadhani mambo yamekwisha. Kumbe kipande kimekaa pafuni, na baadaye huleta homa ya mapafu isiyopona vizuri kwa dawa.

Hatua za kuchukua

Iwapo mgonjwa anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe huku ameinama mbele. Asiingizwe vidole kooni. Akishindwa kukohoa, kusema au kupumua, apigwe mapigo matano kati ya mabega kwa kiganja, kisha abanwe tumbo mara tano juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu. Hatua hizo zirudiwe kwa zamu. Akipoteza fahamu, aanze kukandamizwa kifua huku msaada ukitafutwa.

Kwa mkazi wa Kigamboni, swali linalofuata ni la njia. Ng'ambo iko Hospitali ya Taifa Muhimbili, na safari ni ya pantoni hadi Magogoni au ya Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, kupitia Kurasini. Mwenye shida ya kupumua hapaswi kusubiri foleni ya pantoni akiwa hana msaada. Aanzie kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, apewe oksijeni, ndipo apelekwe mbele kwa rufaa.

Asiye na dalili naye apelekwe kupigwa picha ya eksirei ya kifua na tumbo. Chuma huonekana kwa urahisi, lakini plastiki nyingi hazionekani. Kwa hiyo mzazi abebe sehemu ya kifaa iliyobaki, ili daktari ajue umbo na ukubwa wa anachokitafuta. Maumivu ya kifua, kutokwa mate kwa kushindwa kumeza, kutapika damu, choo cheusi, homa au tumbo kukaza ni sababu za kurudi hospitali mara moja.

Kinga ni rahisi kuliko tiba

Utaalamu wa kuvitoa vitu hivi upo tangu mwaka 1897, pale daktari Gustav Killian wa Ujerumani alipotoa mfupa kwenye njia ya hewa ya mgonjwa kwa kutumia bomba. Lakini kuzuia ni nafuu zaidi.

Daktari anaweza kuweka kitambaa cha shashi nyuma ya ulimi anapokata waya. Ufunguo wa kupanulia kaakaa ufungwe uzi ambao mzazi ataushika. Kifaa kilicholegea kirudishwe kliniki bila kungoja siku ya miadi.

Zaidi ya yote, mtoto asiogopeshwe. Anayejua kwamba atagombezwa kwa gharama ya kibanio kilichopotea atanyamaza, na ukimya huo ndio unaoweza kumchelewesha kufika hospitali.