Kazi ya Kiongozi wa Kwaya

Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, na wale wa upande huo huitwa Wanyantuzu. Tangu zamani Wasukuma wamejua kulima pamoja huku wakiimba. Kiongozi wa nyimbo, aitwaye ningi kwa lugha yao, huanzisha wimbo; wenzake huitikia, na majembe yote huinuka na kushuka pamoja. Litazame jembe vizuri. Haliwezi kupiga udongo pasipo kuinuliwa kwanza. Mkulima aonapo majembe ya wenzake yako juu, ajua wakati wa kupiga umefika.

Ningi huongoza kwa sauti yake; kiongozi wa kwaya huongoza kwa mkono, na mkono wake wafanana na jembe lile. Watu wengi hudhani kwamba yeye hupunga mikono ili kuufuata wimbo. Sivyo. Mkono hutangulia wimbo. Kabla ya sauti ya kwanza, huinua mkono na kuvuta pumzi, na waimbaji wote huvuta pumzi pamoja naye. Mkono ushukapo, ndipo sauti hutoka. Asipouinua vema, huyu ataanza mapema na yule atachelewa, na kosa si lao, bali ni la kiongozi.

Wimbo ukiwa wa mapigo manne, mkono wa kuume hushuka chini, huenda kushoto, kisha kulia, kisha hupanda juu. Ukiwa wa mapigo matatu, huenda chini, kulia, na juu. Pigo la kwanza, lililo zito, ni la chini siku zote.

Hapo kale katika Ulaya viongozi wengine walipiga mapigo kwa kugonga fimbo sakafuni. Mwaka 1687, mjini Paris, Jean-Baptiste Lully, mtunzi wa mfalme wa Ufaransa, alikuwa akiongoza hivyo, akajipiga mguu kwa fimbo yake. Kidonda kikaoza, naye akafa. Siku hizi viongozi hutumia mkono mtupu au kijiti chembamba kisicho na mlio, maana afanyaye kelele hawezi kuwasikia wenziwe.

Na kusikia ndiyo kazi yake kubwa. Kwaya ya watu wazima huwa na sauti nne: ya kwanza na ya pili ni za wanawake, ya tatu na ya nne ni za wanaume. Kila mwimbaji husikia zaidi sauti yake na ya jirani yake. Kiongozi asimama mahali pa kuzisikia zote. Sauti ya nne ikiifunika ya kwanza, huituliza kwa kiganja. Tena husikiliza maneno. Neno "barabara," yaani njia, hukazwa katika silabi ya tatu. Lakini "barabara," yaani sawasawa, hukazwa katika ya pili. Pigo zito likiangukia pasipo pake, maana hupotea.

Mara nyingi achaguliwaye kuongoza ni mwenye sauti nzuri kuliko wote, naye hutamani kuimba kwa nguvu. Akifanya hivyo, waimbaji humfuata yeye, wala hawasikilizani. Na siku asipokuwapo, kwaya hunyamaza.

Basi, wewe uongozaye wenzako darasani, jaribu jambo hili. Chagua wimbo mnaoujua, inua mkono, funga kinywa, usikilize. Hapo utajua kama umewafundisha kuimba, au umewafundisha kukufuata tu.