Waongoza watalii wa Lushoto wauze saa, si kilomita

Mgeni anayepanda kona za barabara kutoka Mombo hadi Lushoto huuziwa matembezi kwa urefu wa njia: nusu siku kwenda Irente, siku nzima msituni Magamba, siku kadhaa hadi Mtae. Utaratibu huo ulishika mizizi miaka ya 1990, Bodi ya Utalii Tanzania na shirika la SNV la Uholanzi walipoanza kukuza utalii wa utamaduni vijijini. Lakini mgeni anayetembea ili ajifunze kupiga picha hafaidiki na kipimo hicho, na mwongozaji wake anapunjika.

Milima ya Usambara iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hupanda karibu wima, hivyo mwanga laini wa asubuhi haukawii. Ikifika saa 3, vivuli vimeshakuwa vikali na ukungu wa mabondeni umeyeyuka. Kundi linalosubiri chai ndipo liondoke limeiacha bidhaa bora ya siku nyuma. Irente, inayotazama uwanda wa Mazinde, hupendeza zaidi jioni, na bado wengi hupelekwa mchana kwa sababu ratiba ya miguu inasema hivyo. Mwongozaji anayejua bonde lipi hukaa na ukungu, na mteremko upi hupata jua kwanza, ana ujuzi ambao mpiga picha hawezi kuupata dukani pamoja na lenzi. Ujuzi huo haumo kwenye orodha ya bei.

Kuna na usiku. Vinyonga hulala kwenye vitawi vyembamba huku rangi yao ikipauka, na tochi ikiwamulika huonekana kwa urahisi kuliko mchana. Baadhi ya aina za huku hazipatikani kwingine duniani. Kwa anayejifunza, mnyama aliyetulia ni mwalimu mzuri: unabadili uwazi wa lenzi picha baada ya picha, ukiona jicho linavyobaki kali na mkia unavyofifia. Mwongozaji amepata saa mbili za kuuza baada ya chakula, na nyumba ya wageni imepata mgeni wa kulala. Anayemshika kinyonga na kumhamisha tawi ili picha ipendeze anaharibu mtaji wake mwenyewe.

Katika safari ya mbugani, gari, mafuta na viingilio humeza sehemu kubwa ya fedha. Kwa miguu, sehemu kubwa humfikia mwongozaji, mpishi na mwenye nyumba. Ndiyo maana mafunzo ya kusoma mwanga, ambayo hata simu ya kawaida inatosha kuyafanyia mazoezi, naona yangelipa haraka kuliko jengo lolote jipya.

Wakulima wa mboga kwenye matuta nao wamo katika hesabu hii. Wanapigwa picha wakiwa wameinama na jembe, mara nyingi bila kuombwa ruhusa. Fungu lao lipangwe na kukubaliwa kabla kundi halijaondoka, ili pasiwepo na mabishano mbele ya kamera.

Pa kuanzia ni masika, Machi hadi Mei, wageni wanapopungua. Njia ndefu huteleza, lakini majani yaliyolowa na mawingu yaliyoshuka hadi kwenye paa za nyumba yako umbali mfupi kutoka mjini. Matembezi ya saa mbili, yenye bei yake iliyoandikwa wazi, yanaweza kujaribiwa hapo.