Mganga hajigangi: Msongo wa mawazo unavyowaumiza madaktari wa mifugo

WAHENGA walinena kwamba mganga hajigangi. Methali hii huwaelea sana madaktari wa mifugo. Kila kukicha hutakiwa kuponya ng'ombe, mbuzi na mbwa wa wenzao, lakini wao wenyewe wanapougua moyoni ni nadra kupata wa kuwauliza hali.

Huenda wewe msomaji unayeishi Mombasa au Nairobi ukadhani kwamba jambo hili halikuhusu. Fikiria tena. Nyama uliyonunua buchani jana ina muhuri wa ukaguzi. Maziwa ya chai yako yametoka kwa ng'ombe aliyetibiwa na mtu fulani. Mbwa wa jirani yako akichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ni mwanao anayekingwa. Kazi zote hizo zinategemea idara ya mifugo, na daktari aliyevunjika moyo hawezi kuzifanya ipasavyo.

Tuitazame Ramisi, katika Kaunti ya Kwale, kando ya barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Kiwanda cha sukari cha hapo kilipofungwa mwaka 1988, nyumba nyingi zilipoteza mshahara wa kila mwezi, na miwa ilirudi miaka mingi baadaye. Kwa familia nyingi za eneo hili, ng'ombe wawili watatu na mbuzi kadhaa ndio benki. Ndio karo ya shule, mahari na nauli ya kwenda hospitali.

Benki hiyo ina maadui wengi. Kupe huleta ndigana kali. Mbung'o wa upande wa Shimba Hills huleta nagana. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya, na Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika. Ukipanda kaskazini hadi Diani unakuta kazi ya namna nyingine: mbwa na paka wa wenye mahoteli, na mbega waliogongwa na magari au kuchomwa na nyaya za umeme, ambao shirika la Colobus Conservation limekuwa likiwahudumia tangu mwaka 1997. Asubuhi daktari anaweza kuwa zizini, na jioni awe ameshika mbega anayekata roho.

Msongo wa mawazo ni nini?

Mtu anapokabiliwa na hatari au jambo zito, ubongo huamuru mwili ujiandae. Homoni za adrenalini na kotisoli humiminwa katika damu, moyo hupiga mbio, misuli hukaza na usingizi hupaa. Kwa muda mfupi hali hiyo ni msaada. Ndiyo inayomwezesha daktari kuzalisha ng'ombe saa nane za usiku kwa mwanga wa tochi.

Taabu huanza pale mwili unapokaa katika hali hiyo wiki baada ya wiki bila kupumzika. Shinikizo la damu hupanda, tumbo huvurugika, kumbukumbu hupungua na hasira huwa karibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili tatu za mtu aliyechakazwa na kazi: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuidharau kazi yake, na kuona kwamba lolote analofanya halifui dafu.

Wanaohudumia viumbe wenye maumivu wana mzigo mwingine ambao wataalamu huuita uchovu wa huruma. Huruma ni kama maji ya kisima. Yakichotwa mchana kutwa bila kisima kupewa nafasi ya kujaa, ndoo hatimaye hugonga mchanga. Daktari wa namna hiyo humtazama mnyama anayeteseka asisikie chochote, kisha usiku hujilaumu kwa kutosikia.

Kwa nini madaktari wa mifugo?

Kwanza, uamuzi wa kuua uko mikononi mwao. Daktari wa binadamu hupigania uhai hadi mwisho. Daktari wa mifugo hutakiwa mara nyingine kuukatisha, iwe ni kwa mbwa aliyevunjika uti wa mgongo au punda asiyeweza kusimama tena. Mkono uliotibu asubuhi ndio unaolaza mchana.

Pili, ni pesa. Mara nyingi daktari anaujua ugonjwa na dawa anaijua, lakini mwenye mnyama hana za kulipia. Akitibu kwa mkopo, hakuna hakika ya kulipwa. Akikataa, ataonana na mtu huyo sokoni na msikitini. Isitoshe, wengi huanza kwa kununua dawa katika duka la agroveti na kujichomea wenyewe, na daktari huitwa ng'ombe akiwa ameshalala chini. Akifa, lawama ni za aliyefika mwisho.

Tatu, kuna suala la nyama, na hili huumiza zaidi ya watu wengi wanavyojua. Chukua mfano wa ng'ombe aliyechomwa sindano ya kuua viini jana, na leo hali yake ni mbaya. Mwenye mali anamwambia daktari, "Daktari, niruhusu nimchinje kabla hajawa mzoga, angalau nipate cha kuuza." Kwa Mwislamu, mnyama aliyekufa kabla ya kuchinjwa ni haramu, kwa hiyo dakika zinahesabiwa. Daktari anajua kwamba nyama yenye dawa haifai kuliwa mpaka siku za kusubiri zipite. Inambidi aseme, "Mzee wangu, haiwezekani." Na kama anashuku kimeta, mzoga haupasuliwi kamwe, ni kuuchoma au kuuzika kwa kina. Kwa neno lake moja, karo ya mwaka mzima imefukiwa shimoni. Ametenda haki kwa walaji wa mjini, lakini mbele yake kuna familia inayolia.

Nne, ni upweke na hatari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliacha kuajiri moja kwa moja kila daktari wa mifugo aliyehitimu, na wengi wakalazimika kujitegemea. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo mashinani ziko chini ya kaunti. Daktari au msaidizi wake huweza kuzunguka kwa pikipiki kutwa nzima bila mwenzake wa kushauriana naye. Yuko katika hatari ya mateke, pembe, meno ya mbwa, na magonjwa yanayomrukia mtu kutoka kwa mnyama kama vile brusela na homa ya Bonde la Ufa.

Wanafunzi nao hawasalimiki

Mzigo huu huanza chuoni. Shahada ya udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, huchukua miaka mitano. Mwanafunzi wa binadamu hujifunza mwili mmoja. Huyu hujifunza wa ng'ombe, wa farasi, wa mbwa, wa nguruwe na wa kuku.

Kijana atokaye Ramisi huenda akawa wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu. Kijiji kizima kinamwita "daktari" kabla hajafanya mtihani wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo akifeli somo anaona ameuangusha ukoo. Juu ya hayo kuna mkopo wa masomo wa kulipa baadaye, na wasiwasi wa kazi ataipata wapi. Wengi waliingia fani hii kwa kuwapenda wanyama, na hakuna aliyewaandaa kwa siku ya kwanza watakapotakiwa kumlaza mmoja.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Nchi zilizofanya hesabu zimeshtuka. Nchini Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulipitia vifo vya madaktari wa mifugo vya kati ya mwaka 1979 na 2015. Ulionyesha kuwa, wakilinganishwa na raia wengine, uwezekano wa kujitoa uhai ulikuwa mara 2.1 kwa madaktari wanaume na mara 3.5 kwa wanawake. Nchini Uingereza, wataalamu walikadiria mwaka 2010 kwamba kiwango miongoni mwa madaktari hawa ni kama mara nne ya kile cha watu kwa jumla.

Takwimu hizo hazina maana kwamba watu hawa ni dhaifu. Zina maana kwamba kazi ni nzito, mzigo hubebwa kimya kimya, na dawa za kulaza wanyama ziko karibu. Ndiyo sababu kliniki zinashauriwa kuziweka chini ya kufuli, na ufunguo usikae kwa mtu mmoja peke yake.

Dalili za kuangalia

Kuchoka baada ya kazi ngumu si ugonjwa. Lakini dalili zifuatazo zikikaa wiki 2 au zaidi, ni lazima mtu atafute msaada: kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula, kutofurahia chochote, kujitenga na jamaa, hasira za ghafla, makosa ya mara kwa mara kazini, kujiona hana thamani, na kuzidisha mnazi, muguka au vidonge vya usingizi. Pombe hutuliza kwa saa chache tu, kisha huzuni hurudi ikiwa kubwa zaidi.

Mtu akianza kusema kwamba amechoka kuishi, au kwamba wenzake wangepata nafuu asingekuwepo, msimpuuze. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujitoa uhai. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Tiba ipo

Huzuni ya kupindukia, ambayo wataalamu huiita sonona, ni ugonjwa kama malaria, na hutibika. Mgonjwa anaweza kuanzia Hospitali ya Msambweni au kituo chochote cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Port Reitz, Mombasa, ina kitengo cha magonjwa ya akili. Wengine hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri, wengine huongezewa dawa. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, kwa hiyo mgonjwa asiziache siku ya tatu akisema hazifai. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya ushauri isiyolipiwa, nambari 1199.

Huku Pwani wako wanaosema mgonjwa ametupiwa jini. Dua ya shehe au sala ya kasisi humliwaza mtu, na si vibaya aipate. Lakini isimzuie kumwona daktari.

Wengine walijificha kwa kuogopa sheria, kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai nchini Kenya. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba. Anayefikia hatua hiyo ni mgonjwa wa kutibiwa.

Madaktari wenyewe wanaweza kujikinga. Wapange zamu na wenzao wa jirani ili kila mmoja apate usiku wa kulala. Waelewane na mwenye mnyama kuhusu malipo kabla ya kufungua mkoba. Na baada ya siku mbaya, wampigie mwenzao simu, hata kama ni kwa dakika kumi tu.

Nawe mwenye mifugo au mbwa, una sehemu yako. Mwite daktari mapema, ugonjwa ungali mchanga. Usimwamshe usiku kwa jambo linaloweza kungoja alfajiri. Mlipe, au umwambie ukweli kuhusu siku utakayomlipa. Na mnyama akifa licha ya juhudi zake, kabla hajawasha pikipiki yake mpe maji ya kunywa na umwambie, "Pole, daktari. Umefanya uliloweza." Pengine ndiyo pole ya kwanza atakayoisikia mwezi huo.